Upanga kwa Miguu

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika sherehe za kuadhimisha kuanzishwa kwa Hekalu



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza kwa ufasaha historia ya jengo hili na ukarimu wa waliolijenga. Sina la kuongeza hapo. Mimi si msomi. Elimu yangu ilikoma kidato cha nne, na tangu hapo nimesoma ankara nyingi kuliko vitabu. Kwa hiyo nimeomba nizungumzie jambo ninalolijua kwa miguu yangu mwenyewe, yaani mahali pa kwenda na mambo ya kuona hapa hapa mtaani petu, kwa mtu aliye tayari kutembea.

Baadhi yenu mnakumbuka kwamba Kamati ilipopanga sherehe hizi lilitolewa pendekezo la kukodi mabasi, twende sote kupumzika siku moja katika hoteli ya ufukweni, mbali na mji. Pendekezo lilikuwa jema na aliyelitoa ni rafiki yangu. Lakini nilipoyaona makadirio ya gharama, tabia ya dukani ilinishika nikauliza: je, bidhaa hii tunayotaka kuinunua ghali hivi, hatunayo ghalani? Watu walicheka, na kwa adhabu ya swali hilo ndipo nimesimamishwa hapa leo.

Tazameni Upanga ilivyokaa. Mashariki iko bahari, na kabla ya bahari uko uwanja wa gofu wa Gymkhana. Kusini uko Mnazi Mmoja. Magharibi liko bonde la Msimbazi, na kaskazini mto huo huo unaingia baharini kwenye Daraja la Selander. Sisi tunaishi katikati ya nafasi hizi zote, lakini wengi wetu tunajua njia mbili tu: ya kwenda dukani na ya kuja hekaluni, na zote mbili tunazipita kwenye gari lenye vioo vilivyofungwa.

Sisemi hivi kwa kuwasuta. Mimi nilikuwa wa kwanza wao.

Nilipokuwa mtoto, marehemu mama yangu, ambaye sisi tulimwita Ba, alikuwa na desturi ya kutupeleka baharini kila siku ya Punam, mwezi unapokuwa mpevu. Tulikwenda kwa miguu, saa 10 alasiri, baba akirudi dukani mapema kwa ajili hiyo. Katika mwezi wa Shravan, siku ya Nariyeli Punam, Ba alichukua nazi akaitia majini kwa heshima, kama walivyofanya mama zake huko Porbandar, ambako babu yangu aliondoka kwa jahazi akisukumwa na upepo wa kaskazi. Baada ya ibada tulinunuliwa mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu. Ndugu zetu waliohamia Leicester hadi leo huuita muhogo “mogo”, na watoto wao huapa kwamba hilo ni neno la Kigujarati.

Katika kumbukumbu zangu zote za utotoni, bahari ya Upanga imejaa. Maji yamefika juu kabisa, mawimbi yanatulowesha miguu, na mivinje inavuma juu yetu. Sikuwahi kuiona vinginevyo.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya baba yangu hadi Aprili 1971, serikali ilipoyataifisha majengo ya kupangisha. Baada ya hapo tuliendelea kukaa ghorofa ile ile ya juu, tukilipa kodi kwa Msajili wa Majumba. Sikumbuki baba akilalamika mbele yetu watoto, wala sikuja hapa kuifungua upya hesabu hiyo; ilikwisha kufungwa na waliohusika wametangulia mbele ya haki. Nakumbuka jambo moja tu, kwamba matembezi yalikoma. Ami zangu waliondoka mmoja baada ya mwingine, baba akawa anarudi nyumbani na kufunga mlango, na Ba akawa anaitazama Punam kutoka barazani.

Kwa hiyo nilipopata kiwanja changu mwenyewe, hapa hapa Upanga, mwaka 1989, hamu yangu haikuwa bustani. Hamu yangu ilikuwa ukuta. Nyuma ya kiwanja kile palikuwa na uchochoro, ambao akina mama na watoto wa nyumba za nyuma waliupita kwenda barabarani na kuelekea baharini. Kwa mujibu wa hati, uchochoro ulikuwa ndani ya mpaka wangu. Nikajenga ukuta mrefu, nikapanda vipande vya chupa juu yake, na uchochoro ukafa. Majirani walimtuma mama mmoja, mtu mzima wa heshima, aje kuzungumza nami. Nilimkaribisha chai, nikamwonyesha hati. Aliisoma yote, akanirudishia, akasema, “Haya baba, basi tutazunguka.” Wakazunguka miaka 25.

Mama huyo yupo nasi leo, ameketi safu ya tatu, na ameniruhusu nisimulie. Shikamoo, mama.

Mwaka 2014 daktari aliniambia kwamba sukari imepanda na dawa peke yake haitatosha. Nitembee nusu saa kila siku. Kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu, nilipima ua wangu, nikaona kwamba nikizunguka mara kadhaa nitatimiza. Nikawa nazunguka ndani ya ukuta wangu kila alfajiri kama ngamia wa kinu cha mafuta, huku mlinzi akinihesabia. Wiki ya tatu nilichoka, nikaamua kwenda baharini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kutoka mlangoni kwangu hadi baharini ilinipasa kuzunguka nyumba zote za upande ule, kwa sababu mtu fulani alikwisha kuziba njia ya mkato.

Niliyoyakuta baharini ndiyo hasa niliyotaka kuwaeleza, nami naomba Mwenyekiti asiitazame saa yake kwa dakika chache.

Siku ile ilikuwa Punam. Nilifika asubuhi, karibu na saa 4, nikitazamia kuiona bahari ya Ba. Hapakuwa na bahari. Maji yalikuwa yamekwenda mbali kabisa, yameacha uwanda wa mchanga na tope na majani ya baharini, na juu ya uwanda huo wanawake walikuwa wameinama wakitafuta kombe, vijana wakichimba chambo, na ndege weupe wenye miguu mirefu, yangeyange, wakitembea nyuma yao kama wasimamizi. Nilisimama nimeduwaa. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza mshipi wake aliniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamjibu, “Shikamoo mzee, nimepotelewa na bahari.”

Alicheka sana, kisha akanifundisha. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa bamvua: hujaa kupita kiasi na hupwa kupita kiasi. Kati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Na hapa Dar es Salaam, siku za bamvua, maji huwa yamepwa mnamo saa 4 asubuhi na yamejaa mnamo saa 10 alasiri. Kila siku inayofuata, saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, yaani kimo cha mtu na nusu, na zaidi.

Nilirudi nyumbani nikaitoa kalenda ya Kigujarati iliyotundikwa jikoni, nikahesabu. Punam na Amas, yaani mwezi mpevu na mwezi kiza, ndizo siku za bamvua. Siku ya nane ya kila nusu ya mwezi, maji huwa yanaelekea kufa. Siku ya Ekadashi, Ba alipokuwa akifunga, maji huwa yameanza kupata nguvu tena. Kalenda yote ya funga na sherehe zetu inaweza kusomwa kama jedwali la maji, na yule mzee, ambaye hakuwahi kuiona, alikuwa nayo kichwani, siku kwa siku. Ndipo nilipoelewa pia kwa nini bahari ya utoto wangu ilikuwa imejaa daima. Ba alitupeleka siku ya Punam, saa 10 alasiri. Mwanamke ambaye hakupata kusoma zaidi ya darasa chache alituletea watoto wake bahari ikiwa katika saa yake bora, mwezi baada ya mwezi, na mimi nikachukua zaidi ya miaka 40 kulitambua hilo.

Basi, hayo ndiyo mafunzo ya kwanza kwa atakayetaka kutembea: kabla ya kuvaa viatu, tazameni kalenda. Mkitaka kuwaonyesha watoto kaa, kombe na samaki wadogo waliobaki madimbwini, nendeni asubuhi za bamvua, na mrudi nyuma mara maji yanapogeuka, kwa sababu yanarudi kwa haraka kuliko mtoto anavyodhani. Mkitaka upepo na mawimbi, nendeni alasiri ya siku hizo hizo.

Sasa niwaelekeze njia. Ukiifuata Barabara ya Barack Obama, ambayo sisi wazee bado tunaiita Ocean Road na ambayo ilipewa jina hilo jipya mwaka 2013, bahari itakuwa kushoto kwako unapoelekea mjini. Utapita hospitali ya Ocean Road, jengo la Wajerumani la mwaka 1897, ambako leo wagonjwa wa saratani kutoka nchi nzima hutibiwa. Naomba tukifika pale tupunguze sauti. Madirisha yako wazi na ndani yake kuna watu wanaoisikia bahari bila kuweza kuifikia. Mbele kidogo ni Ikulu. Pale usitoe simu kupiga picha, na ukielekezwa na askari upite upande mwingine, pita upande mwingine.

Mwisho wa njia ni Soko la Samaki la Feri. Najua wengi wetu hatuli samaki, na baadhi ya akina mama hapa tayari wamekunja pua. Lakini kwa mfanyabiashara sijui shule iliyo bora kuliko mnada wa asubuhi pale Feri. Bidhaa inaoza kwa saa, bei inapanda na kushuka kwa ukope wa mnadishaji, na hakuna anayeandika hundi. Nimewapeleka wajukuu zangu wawili; mmoja alitapika, mwingine anataka kuwa mnadishaji.

Kurudi, msifuate bahari tena. Ingieni kwa Barabara ya Samora, mpite Bustani ya Mimea. Wajerumani waliianzisha katika miaka ya 1890 wajaribu mazao na miti ipi itakubali ardhi hii, na mitende mikubwa na miti ya vivuli iliyobaki ni ushahidi wa ile iliyokubali. Bustani ni ndogo kuliko ilivyokuwa, na pengine imechoka, lakini kivuli chake saa 3 asubuhi hakina mfano mjini. Jirani yake kuna Ukumbi wa Karimjee, ambao familia ya wafanyabiashara wa asili yetu ya Gujarat iliutoa kwa mji, na ambamo Bunge letu liliketi kwa miaka mingi. Na katika Mtaa wa Shaaban Robert iko Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940, yenye fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959. Nawauliza kwa upole: ni wangapi kati yetu tuliowapeleka watoto kuona majumba ya Uingereza kabla ya kuwapeleka pale, kilomita chache kutoka kitandani kwao?

Upande wa kaskazini nitaupita upesi. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa zaidi ya kilomita 1 na lina njia ya waenda kwa miguu. Jioni ni mahali pazuri sana pa kupata upepo. Lakini pale kwenye Daraja la Selander lenyewe simameni mtazame chini, iko mikoko. Mikoko hiyo ndiyo inayoshika udongo wa mlango wa Msimbazi na kuwahifadhi kamba na samaki wachanga, na kati ya mizizi yake imenasa mifuko ya plastiki isiyohesabika, ambayo hakuna aliyeitupa isipokuwa sisi wa juu ya mto na wa mitaroni. Wakati wa baridi ya Ulaya na Asia ya kaskazini, ndege wa huko hushukia kwenye tope hilo kula. Msiwaruhusu watoto kuoga hapo, hasa baada ya mvua. Maji yanayotoka Msimbazi ni machafu. Na ninapolitaja bonde hilo nawakumbuka waliopoteza nyumba na jamaa katika mafuriko ya Desemba 2011.

Kwa asiyeweza kwenda mbali, Upanga yenyewe inatosha. Tazameni miti. Mwarobaini unaotupa kivuli ulitoka Bara Hindi; mwembe pia; na hata kunguru huyu mweusi anayetuibia prasad uani aliletwa Zanzibar kutoka kwetu katika miaka ya 1890 ili asafishe takataka. Serikali imejaribu mara nyingi kumpunguza, nami kama mhamiaji mwenzake sitoi maoni. Wapelekeni watoto chini ya mkungu, waokote kungu, wavunje kokwa kwa jiwe wale kiini chake, kama tulivyofanya sisi na watoto wa nyumba za nyuma kabla ya kuta. Ukipita Muhimbili, waonyesheni jengo lenye jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi aliyetoa mali yake wagonjwa wa kila kabila watibiwe. Na mkifika Mnazi Mmoja, waambieni ukweli: uwanja ule ulio wazi uliachwa wazi na wakoloni ili watu wa Uhindini na watu wa Kariakoo wasikaribiane. Leo watoto wa pande zote hucheza mpira pale pale.

Mwaka 2015 niliuvunja ukuta wangu wa nyuma upana wa mlango. Fundi aliniuliza nataka geti la aina gani, nikamwambia jepesi, la mtoto kuweza kulisukuma. Kwa miezi miwili ya kwanza hakupita mtu. Nilikuwa nikikaa na gazeti nikilitazama lile geti, na sikuwa na wa kumlaumu, kwa maana njia iliyofungwa miaka 25 watu huisahau. Siku moja asubuhi alipita mama huyu wa safu ya tatu na mfuko wake wa sokoni. Hakuniambia neno juu ya geti. Alisema, “Baba, mwembe wako una wadudu,” akaendelea na safari yake. Ni kweli ulikuwa na wadudu.

Sasa nifike kwenye ombi langu, ambalo Kamati imelikubali. Kuanzia mwezi ujao, Jumapili iliyo karibu zaidi na Punam, tutatembea pamoja: waumini na majirani, wa dini zote na wasio na haraka. Hakuna kiingilio. Wazee watakwenda mbele ili vijana wafuate mwendo wao. Wale wenye sukari wasije na tumbo tupu, na waje na kitu kidogo mfukoni. Kila familia ilete chupa yake ya maji na kurudi nayo. Wenye magari wayaache nyumbani, kwani tukifika na msafara wa magari tutakuwa tumebadilisha tu mahali pa kukaa ndani yake. Yule mzee mvuvi amekubali kutuongoza kwenye uwanda maji yatakapokuwa yamepwa, na ameomba malipo ya chai ya maziwa yenye tangawizi, ambayo akina mama wa Hekalu wameahidi.

Tutakutana saa 12 na nusu asubuhi kwenye geti langu la nyuma. Asiyelijua amwulize mtoto yeyote wa mtaa.